Askari na Mbwa Wake wa Kwanza

Ye yote apitaye Kikuubo, mjini Kampala, wakati wa mchana, huona watu na magunia tu. Njia ile nyembamba, ambayo hata jina lake kwa Kiganda lina maana ya kichochoro, hubeba biashara nyingi kuliko barabara pana zinazoizunguka. Sukari, chumvi, mchele, sabuni, mafuta ya kupikia na unga wa posho hushushwa na kupakiwa tangu alfajiri. Wachukuzi hupiga kelele kuomba njia. Na wanunuzi waliotoka Sudan Kusini na Kongo husimama bega kwa bega na mama mwenye duka dogo la kijijini. Lakini milango ya maduka inapofungwa na miguu ya watu kupungua, wenye zamu ya usiku hujitokeza. Hao ni mbwa. Hutoka vichochoroni na kandokando ya mfereji wa Nakivubo, wawili wawili na watatu watatu, wakitafuta mabaki katika takataka za mchana. Askari wa doria anawajua kuliko mtu mwingine awaye yote, kwa kuwa yeye na wao ndio wanaobaki macho mji unapolala.

Tumewatazama mbwa hao mara nyingi, na jambo moja limetugusa. Si wote waliozaliwa jalalani. Baadhi yao wana alama ya kamba shingoni, mahali ambapo manyoya hayajaota tena. Wengine husimama na kutikisa mkia wakisikia sauti ya mtu, halafu hukumbuka mawe waliyokwisha kupigwa, wakakimbia. Hao waliwahi kuwa na mwenyewe. Waliwahi kuitwa kwa jina. Mtu aliwachukua wakiwa wadogo, akawafuga kwa majuma au miezi, kisha akashindwa, akaufungua mlango na kusema: nendeni.

Hatuna budi kusema ukweli, ingawa ni mchungu: katika watu wanaofungua mlango namna hiyo wamo pia askari wetu. Hatusemi hivyo kwa kuwalaumu. Askari hupenda mbwa kwa sababu anaujua ulinzi, na hakuna mnyama anayeifahamu kazi hiyo kama mbwa. Lakini askari pia ni mtu wa uhamisho. Leo yuko Nsambya, kesho Moroto, keshokutwa ng'ambo. Amri ikifika jioni, alfajiri gari linaondoka, na mbwa hubaki amekaa mbele ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo leo tumeamua kusema na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi kuhusu jambo ambalo huonekana dogo: jinsi ya kumpata mbwa wa kwanza, na jinsi ya kukaa naye kama inavyompasa mtu mwenye nidhamu.

KOPLO NA BOKSI

Koplo mmoja alitusimulia kisa chake bila kuficha. Siku ya mshahara alikwenda Kikuubo kununua gunia la mchele na katoni ya sabuni. Wakati wa kurudi alikutana na mchuuzi aliyekuwa akitembeza vitoto vya mbwa ndani ya boksi. Mchuuzi aliapa kwamba mama yao ni mbwa wa Kijerumani, na baba yao ni wa polisi. Koplo alimtazama mmoja mwenye masikio yaliyoanza kusimama, akamwonea huruma, akatoa fedha. Nyumbani watoto walifurahi kupita kiasi. Siku ya tano kitoto kile kilikataa chakula. Siku ya sita kilitapika na kuhara damu. Siku ya saba kilikufa, na watoto wakakizika nyuma ya nyumba kwa machozi.

Mwezi haukupita, koplo akanunua mwingine ili awanyamazishe watoto. Akamlaza katika banda lile lile na kumlishia bakuli lile lile. Naye akafa kwa namna ile ile. Ndipo koplo alipoanza kunong'ona kwamba kuna jirani anayemroga.

Jirani hakuwa na hatia. Dalili zile ni za ugonjwa wa pavo, ambao ulienea duniani kote mwaka 1978 na ungali unaua watoto wa mbwa kila mahali. Virusi vyake hukaa katika udongo, sakafuni na katika vyombo kwa miezi mingi, hata mwaka, na maji matupu hayaviondoi. Mtoto wa mbwa asiyechanjwa akilazwa mahali alipofia mwenzake, amelazwa kaburini. Dawa ya kufulia ya klorini huviua ikiwa sakafu ni ya saruji na imesuguliwa kwanza. Lakini udongo hausuguliki. Koplo hakuhitaji mganga. Alihitaji mtu wa kumwambia, kabla ya kununua, maneno machache ambayo tunayaandika hapa.

KABLA YA KUMLETA

Askari hafanyi operesheni bila kupeleleza ardhi. Basi na ajiulize maswali manne kabla mbwa hajavuka kizingiti.

Swali la kwanza ni la kazi. Mbwa huyu anatakiwa afanye nini? Kama ni kubweka usiku mtu asiyejulikana akikaribia, mbwa ye yote mwenye afya anaifanya kazi hiyo. Kama ni kuwa rafiki wa watoto, ukali si sifa tena bali ni hatari. Na kama ni kujionyesha mbele ya wenzake, basi ni afadhali anunue redio, kwa maana redio haili.

Swali la pili ni la mahali. Wako askari wa polisi wanaoishi katika vile vibanda vya bati vya duara ambavyo wenyewe huviita “mama ingia pole”. Mume, mke na watoto hujibana humo, na joto la mchana hulijua mwenyewe akaaye ndani. Mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito, akifungwa kwa mnyororo mfupi kando ya bati hilo toka asubuhi hata jioni, hugeuka mkali au mgonjwa. Mbwa anataka kivuli, maji safi, mahali pakavu pa kulala na nafasi ya kutembea kila siku.

Swali la tatu ni la chakula na mtunzaji. Posho peke yake haimtoshi mbwa. Anataka nyama au samaki. Na wale dagaa wadogo ambao Kampala huitwa mukene, wakipikwa pamoja na posho au mchele, humfaa bila kuivunja mifuko ya mwenyewe. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwake, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyoweza kuutoboa utumbo wake. Lakini hata chakula kikiwapo, ni nani atakayekitoa askari akiwa zamu ya saa ishirini na nne? Kama jibu ni mke au mtoto, basi huyo aulizwe kwanza, maana ndiye mwenye mbwa kwa kweli.

Swali la nne ndilo zito kuliko yote: nikihamishwa? Mbwa anayetunzwa vizuri huishi miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo askari anaweza kuhamishwa mara tatu au nne. Asiyekuwa na jibu la swali hili bado hajawa tayari. Na si aibu kutokuwa tayari. Aibu ni kujua hivyo na bado kuchukua.

ASILI YA MBWA

Sasa tuje katika jambo ambalo huwadanganya wengi, yaani asili ya mbwa. Katika akili za askari wengi mbwa wa kweli ni yule wa Kijerumani tu, na wengine wote ni takataka. Fikira hii inafaa kuchunguzwa.

Mbwa wa Kijerumani si mnyama wa tangu na tangu. Ni ofisa wa farasi wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, aliyemnunua mbwa mmoja mchunga kondoo mwaka 1899, akamwandika katika daftari kuwa wa kwanza, na kuanzisha chama cha kuzalisha aina hiyo. Tokea hapo akachaguliwa yule aliyeweza kazi na kuachwa asiyeiweza. Rottweiler alipata jina lake kutoka mji wa Rottweil, ambako wachinjaji walimtumia kuswaga ng'ombe. Malinois, ambaye siku hizi hupendwa na majeshi mengi kwa kunusa milipuko, ni mchunga kondoo wa Ubelgiji. Na hapa Afrika, mbwa mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni, Ridgeback, aliandikiwa sifa zake rasmi mjini Bulawayo mwaka 1922. Damu yake ina sehemu ya mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini.

Somo lililomo ni kwamba kila aina ilifanyizwa kwa ajili ya kazi, na kazi hiyo bado imo damuni. Malinois asiyepewa kazi hula viatu, milango na subira ya mwenyewe. Rottweiler asiyefundishwa ana nguvu nyingi zisizo na akili ya kuziongoza. Mbwa wa Kijerumani hupatwa sana na ubovu wa nyonga, hasa akizalishwa ovyo na watu wanaotazama fedha tu. Mnunuzi wa mbwa wa namna hii hana budi kuwaona mama na baba yake kwa macho yake, kuiona kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari, na kukataa kitoto kilichotolewa kwa mama kabla ya majuma manane. Mchuuzi wa boksi hawezi kutimiza hata sharti moja katika hayo.

Wenzetu wa kikosi cha mbwa cha polisi wanalijua hili vizuri. Mbwa wao hakuwa hodari kwa sababu ya ukoo peke yake. Amekuwa hodari kwa mazoezi ya kila siku pamoja na askari mmoja anayemjua. Hata mahakama hutaka hivyo: mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Kenya ilionya kwamba ushahidi wa mbwa aliyefuata nyayo upokelewe kwa uangalifu mkubwa, na kwamba ni lazima mafunzo na uzoefu wake vithibitishwe kwanza. Kama hakimu hatosheki na masikio yaliyosimama, kwa nini mnunuzi atosheke nayo?

Na mbwa wa kwetu je? Yule mwekundu au wa manjano, mkia umejikunja, masikio yamechongoka, tunayemwita mbwa koko kwa dharau? Huyo ni mtoto wa ardhi hii. Joto halimsumbui, hali sana, mwili wake mwembamba huutunza vizuri, na ujanja wake umechujwa na vizazi visivyohesabika. Wageni waliuona uzuri huo kabla yetu. Mbwa wa misitu ya Kongo walipelekwa Uingereza, wakaonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, lakini wakafa kwa ugonjwa wa distempa ambao miili yao haikuuzoea. Baada ya mwaka 1937 wakafanikiwa kuzalishwa huko, na leo huuzwa kwa fedha nyingi kwa jina la Basenji, neno ambalo ni jamaa ya neno letu “washenzi”. Mnyama ni yule yule. Kwetu hupigwa mawe, kwao hupewa kadi ya ukoo.

MBWA WA KUOKOLEWA

Kwa hiyo shauri letu kwa askari atakaye mbwa wa kwanza ni hili: kabla hujanunua, tazama kama unaweza kuokoa.

Kampala kuna shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, USPCA, lililoanzishwa mwaka 1996, ambalo huwapokea mbwa na paka waliotupwa au kujeruhiwa, huwatibu, huwachanja, huwafunga uzazi, halafu huwatafutia nyumba. Kule Kenya shirika la namna hiyo lina mizizi ya tangu mwaka 1910. Mtu anayechukua mbwa huko hulipa mchango, lakini akijumlisha gharama za daktari atakazokuwa ameepuka, ataona kwamba amepata nafuu. Tena anampata mbwa aliyekwisha kukua, ambaye tabia yake yajulikana: kama anapenda watoto, kama anapigana na wenzake, kama anabweka bila sababu. Kitoto cha boksi ni fumbo. Mbwa wa kituo ni barua iliyokwisha kufunguliwa.

Tuongeze jambo ambalo askari wanapaswa kulijua kuliko raia. Huko Gulu, katika nchi iliyoteswa na vita kwa miaka karibu ishirini, shirika la The Big Fix limekuwa na mpango wa kuwakutanisha mbwa wasio na makao na watu ambao mioyo yao ilijeruhiwa vitani. Mwanzilishi wa mpango huo, Francis Okello Oloya, alipoteza macho akiwa mtoto wa miaka 12, kwa bomu lililokuwa limefukiwa katika shamba alilokuwa akilima. Alipokuwa katika shule ya bweni, mbwa wa pale ndio waliokuwa wakimwongoza usiku, na wema huo hakuusahau. Katika mpango wake mtu aliyepatwa na majinamizi na woga hupewa mbwa, hufundishwa kumtunza na kumfunza, na huahidi kukaa naye maisha yake yote. Mtu aliyekuwa hawezi kulala usiku hulala, kwa kuwa kuna mwingine aliye macho kwa ajili yake.

Kati ya wasomaji wetu wako waliotoka mstari wa mbele, na waliotumikia Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa tangu mwaka 2007. Mengine waliyoyaona hawayasemi hata kwa wake zao. Mbwa si daktari, na mwenye maumivu ya moyo na aende kwa daktari bila haya. Lakini mnyama anayemngojea mtu mlangoni kila jioni, asiyemuuliza kitu, ana tiba yake ndogo ambayo haimo katika chupa.

Wako watakaotuuliza juu ya dini, na swali lao ni la haki, kwa kuwa vikosi vyetu vina Waislamu wengi. Sisi si mashekhe. Tunajua tu kwamba Kurani yenyewe inahalalisha mbwa wa kuwinda, na kwamba wanavyuoni wameruhusu mbwa wa ulinzi na wa mifugo, huku wafuasi wa Imamu Shafi wakishika kwamba chombo alichokilamba hutaharishwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Basi banda lake liwe nje, vyombo vyake viwe mbali, na mwenye shaka amwendee shekhe wake. Dini haikumwamuru mtu kumtesa mnyama.

CHANJO NDIYO NGAO

Kama msomaji atasahau yote tuliyoyasema, tunamwomba asilisahau hili. Kichaa cha mbwa huua. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huo, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na wengi wao ni wa Afrika na Asia. Katika kila watu kumi wanaoumwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, hakuna dawa. Mgonjwa huogopa maji, huchachawa, hufa, na jamaa zake hawana la kufanya ila kumwangalia.

Lakini ugonjwa huu huu huzuilika kabisa. Louis Pasteur alimwokoa mtoto Joseph Meister kwa chanjo mwezi Julai mwaka 1885, na sindano zake zimezidi kuwa bora tangu wakati huo. Aliyeumwa na mbwa, au kukwaruzwa, au kulambwa penye kidonda, aoshe mahali hapo papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Sabuni ya Kikuubo, kipande cha kawaida cha kufulia, ni silaha ya kwanza. Kisha akimbilie hospitali, achomwe sindano, na azimalize zote kwa tarehe alizopewa. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, wala asitie mafuta ya gari na majani. Ugonjwa huweza kukaa kimya mwilini miezi miwili, mitatu, au hata mwaka. Askari wa doria akiumwa Kikuubo usiku wa manane asione haya kuiacha zamu. Hilo ni jeraha la kazini kama jeraha jingine.

Kwa upande wa mbwa, utaratibu ni mwepesi. Chanjo za pavo na distempa huanza akiwa na majuma sita hadi manane, na hurudiwa kila baada ya majuma matatu au manne mpaka afike majuma kumi na sita. Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, na baadaye kwa kadiri daktari atakavyoagiza. Dawa ya minyoo hupewa mapema na mara kwa mara, maana minyoo ya mbwa huingia hata kwa watoto wachezao mchangani. Kupe waondolewe. Makerere kuna zahanati ya wanyama, na kila wilaya ina ofisa wa mifugo. Maduka ya dawa za mifugo ya Container Village hayako mbali na Kikuubo. Lakini tunaonya kwamba chanjo ni kitu cha baridi. Iliyokaa mfukoni juani mchana mzima ni maji tu. Achomwe na mtaalamu, na kadi iandikwe.

Wako wasemao kwamba dawa ya mbwa wa mitaani ni sumu au risasi. Miji mingi ya Afrika imejaribu njia hiyo, na mbwa wangaliko. Wakiuawa wachache, wengine huja kujaza nafasi na kula takataka zile zile, nao hawajachanjwa. Kisiwa cha Pemba kilifuata njia nyingine. Mbwa walichanjwa kwa wingi, ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena, na kufikia mwaka 2018 ulikuwa umetokomezwa. Wataalamu husema kwamba pakichanjwa mbwa sabini katika kila mia, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Mbwa aliyechanjwa akiwa hai ni askari mmoja katika ukuta huo. Akiuawa, ameacha tundu.

JUU YA BIMA

Vijana wengine wametuuliza kama mbwa anaweza kukatiwa bima. Katika nchi nyingine jambo hilo ni la zamani. Nchini Sweden mbwa wa kwanza alikatiwa bima mwaka 1924, na huko leo mwenye mbwa hulipa kidogo kidogo kila mwezi ili siku ya upasuaji asilipe kwa mkupuo. Kwetu, mpango wa bima ya kilimo ambao Serikali iliuanzisha mwaka 2016 ni wa mazao na mifugo ya mkulima. Mbwa wa nyumbani hamo. Kama askari atapata kampuni iliyo tayari kumwandika mbwa wake, na asome mkataba mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi. Aulize kama unalipa maradhi, au kifo na wizi tu. Aulize kama unalipa pia mbwa akimwuma mtu. Aulize ni magonjwa gani yametolewa, maana aghalabu mbwa asiyechanjwa hupoteza haki yake.

Bima iliyo karibu zaidi na askari ni akiba. Jeshi lina Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Kiasi kidogo kikiwekwa kila mwezi kwa jina la mbwa, hata kama ni bei ya soda chache, mwisho wa mwaka kitatosha chanjo, na kikizidi kitangoja ajali. Bima ya pili ni uzio na lango linalofungwa. Mwenye mbwa anayejua kwamba mnyama wake ni mkali, akamwacha atoke na kumjeruhi mtoto wa jirani, hujiweka katika hatari ya kushitakiwa na kulipa fidia. Na askari aliyepelekwa kituoni kwa kosa la mbwa wake hatapata heshima tena kwa raia wa mtaa ule. Bima ya tatu ni malezi. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mbwa ni hivyo hivyo. Asiyepigwa ovyo hana sababu ya kuuma ovyo. Afundishwe kwa sauti moja, maneno machache, na malipo ya tonge dogo akitii. Ye yote aliyewahi kufundisha kuruta analijua jambo hili, ila hapa tonge hufanya kazi ya filimbi.

WITO WETU

Tunamaliza kwa kuwaelekea wakuu wa kambi na vituo, kwa heshima. Mnayo madaftari ya silaha, ya magari na ya mablanketi. Tunaomba liwepo daftari moja la mbwa: jina la mwenyewe, tarehe ya chanjo, na jina la askari mwingine aliyekubali kumpokea mbwa huyo uhamisho ukitokea. Mstari huo wa tatu, ambao hauna gharama yo yote zaidi ya wino, utapunguza mbwa wa Kikuubo kuliko sumu yote iliyowahi kutegwa. Tena, tarehe 28 Septemba ya kila mwaka imewekwa kuwa siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa. Ofisa wa mifugo aalikwe kambini siku hiyo, na mbwa wote wapangwe mstari wachanjwe, pamoja na wa raia wanaopakana na kambi. Wananchi wakimwona askari ameshika kamba ya mbwa wake katika mstari mmoja na mama muuza nyanya, watakuwa wameona ulinzi wa namna nyingine.

Na kwako, ndugu askari, unayekusudia kumleta mbwa wa kwanza: nenda taratibu. Mwulize mke wako. Tayarisha banda, fedha ya chanjo na jina la mtu atakayempokea ukihamishwa. Halafu umtafute yule ambaye tayari yupo na hana mtu, kabla ya kumtajirisha mchuuzi wa boksi.

Yule koplo wetu alingoja mwaka mzima. Aliubomoa ule udongo wa banda, akamwaga saruji, kisha akaenda kuchukua mbwa mzima aliyeokolewa, jike la manjano, mwenye sikio moja lililopasuka na kovu la kamba shingoni. Ana kadi. Ana jina. Katika daftari la koplo kuna jina la sajenti atakayempokea. Tulipofika kwake jioni, jike lile lilitubwekea mpaka koplo alipolituliza kwa neno moja, kisha likalala juu ya kizingiti, macho yakiangalia njia.